Gari la Dobi

Muuza magari aliliandika jina la Dobi kwenye kompyuta mara mbili, na mara zote mbili akakunja uso kama mtu aliyetafuna kijiwe.

"Mzee, jina lako linagoma," akasema.

Angeweza kusema kwa sauti ya chini. Hakutaka. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wawili wanaosubiri, nao wakainua vichwa kuona mwenye jina linalogoma anafananaje. Mke wa Dobi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi kwa sababu kila alichofua mumewe yeye ndiye aliyekinyoosha, akayatazama mapaja yake. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, limenyooka kila upande, na bado alijiona kama aliyeingia ofisi za watu na nguo ya kulalia.

Dobi akauliza linagoma kwa lipi. Muuza magari akaigeuza kompyuta. Palikuwa na mstari mwekundu mmoja tu, wa mwaka juzi: mkopo mdogo wa simu, ule wa dawa za marehemu mama yake, uliochelewa kurudi kwa miezi minne.

"Lakini nililipa wote," Dobi akasema.

"Ulilipa, sikatai. Ila ulichelewa, na hii haisahau."

Basi ndivyo mambo yalivyo siku hizi. Ukimkosea mtu unakwenda kwake, unaomba radhi, mnakunywa maji, yanaisha. Kompyuta utaiomba radhi vipi? Dobi alibaki ameitumbulia macho, mikono yake iliyochunwa na sabuni imelala juu ya meza ya watu, asijue aiweke wapi.

Na gari hawakulitaka la kutanulia. Kliniki ya uzazi iliyokuwa barabara ya pili, yenye vitanda arobaini, ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Wateja wa majumbani waliwakimbia mmoja mmoja kila waliponunua mashine za kufulia, wakabaki na kliniki. Kwa miaka sita Dobi alisukuma mashuka ya kliniki kwenye mkokoteni, yamefunikwa turubai, na kwa miaka sita hakurudisha hata moja lenye doa. Lakini mwezi uliopita Matroni, msimamizi wa wauguzi, alimwita pembeni akamwambia wakaguzi wa afya wameukataa mkokoteni. Kuanzia mwezi ujao mashuka yaje ndani ya gari lililofungwa, la sivyo kazi ipewe kampuni yenye gari. Alisema kwa huruma, maana alimpenda Dobi, lakini alisema.

Ndiyo maana walikuwa pale yadini, wakiwa wamelipenda gari dogo jeupe lenye nafasi ndefu nyuma, limezeeka kidogo lakini linakwenda. Mama Pasi alikuwa ameuza friji na hereni zake za dhahabu kupata kianzio cha laki nane, na laki nane hizo zilikuwa ndani ya pochi aliyoibana kwapani tangu walipotoka nyumbani.

Muuza magari alipoiona pochi akalainika. Akasema ipo njia kwa watu wenye shida kama yao. Riba itapanda kidogo, na hiyo kidogo yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya gari. Gari litafungwa kifaa, na marejesho yakichelewa siku mbili kampuni italizima hukohuko liliko. Halafu atafutwe mdhamini mwenye mshahara, ambaye jina lake halina matatizo.

"Mnaye?" akauliza.

Dobi akamgeukia mkewe. Mama Pasi alielewa kwamba anayeulizwa ni mdogo wake.

*

Mdogo wake Mama Pasi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata dada yake alimwita Mwalimu tangu siku alipopata cheti. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupanga mambo yake kwa rula. Kila Jumamosi asubuhi aliwaletea mashati yake matano ya kazi, na kila Jumapili aliyafuata yakiwa yametiwa wanga na kupigwa pasi, yananing'inia kwenye hanga. Mara moja tu alijaribu kulipa. Dobi alinuna wiki nzima, akasema kwani shemeji yake anamwona yeye ni nani. Tangu hapo mashati yalikuja na kwenda bila hesabu, na Mama Pasi aliyapiga pasi mwisho kabisa, baada ya nguo zote za wateja, ili asiyafanye harakaharaka.

Mama Pasi alimkuta chumbani kwake alikopanga, anasahihisha madaftari. Alimweleza yote bila kuzungukazunguka, mpaka ule mstari mwekundu. Mwalimu akaiweka kalamu chini.

"Dada, akishindwa?"

"Hatashindwa."

"Najua hataki kushindwa. Nauliza akishindwa."

 Mama Pasi akasema kwamba tangu amjue mumewe hajawahi kumwona akimrudishia mtu nguo yenye doa. Mwalimu akacheka kidogo, akasema wenye kukopesha hawaulizi madoa. Halafu akawa anayapanga madaftari ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa miaka minne, tofali leo na tofali mwezi ujao. Kuta zilikuwa zimesimama, juu hakuna kitu. Mchumba wake amechoka kusubiri paa, na mwishoni mwa muhula Mwalimu alitaka kuomba mkopo wa kuezeka. Mkopo huo hupewi kama jina lako lina walakini.

"Nitasaini," akasema mwishowe. "Ila dada, nisaidie kitu kimoja. Kukitokea tatizo lolote, hata dogo, niambie mimi kwanza. Nisilisikie kwa watu."

Mama Pasi akamshika mkono, akamwahidi. Aliahidi kwa moyo wake wote, wala hakuona kama ameahidi jambo gumu.

*

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na mbili za maandishi madogo kama chawa. Mama Pasi alitaka kuusoma, na alifika ukurasa wa pili kabla muuza magari hajaitazama saa yake na kusema, mama, hayo ni mambo ya kawaida tu, saini hapa, na hapa, na hapa. Mwalimu naye alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja shuleni. Wakasaini wote watatu.

Kisha fundi wa kampuni akalala chali chini ya dashibodi, upande wa abiria, akakifunga kile kifaa. Kilikuwa kidude cheusi, hakizidi kibiriti kwa ukubwa, kina waya tatu. Alipomaliza akamwita Dobi achungulie.

"Umekiona? Usikiguse. Hata kwa kidole. Ukikigusa kule ofisini wanaona."

"Sikigusi," Dobi akasema, akairudisha mikono nyuma ya mgongo.

Na kweli hakukigusa. Miezi miwili ile ya kwanza ilikuwa ya raha, lazima isemwe. Marejesho yalikuwa ya kila tarehe tano. Dobi alilipa tarehe mbili, akaitunza stakabadhi ndani ya bahasha kwenye kabati, akaitoa mara mojamoja kuitazama. Matroni alilizunguka gari akasema sasa hapo. Watoto walipelekwa shule kwa gari, wakashushwa mbali kidogo na lango kwa sababu Dobi aliogopa kuonekana anajionyesha, nao wakalalamika kwamba wao hicho ndicho walichotaka, kuonekana.

Kila jioni alilifuta. Majirani wakamtania, wakasema Dobi kaoa mke wa pili, tena mweupe. Alilifuta kwa namna alivyofanya kila kitu cha watu kilichopita mikononi mwake, pindo kwa pindo, mpaka ndani ya mifereji ya milango. Mama Pasi akimtazama toka dirishani, pasi mkononi, alijisikia vizuri. Mgongo wa mumewe ulikuwa umeanza kunyooka tangu aachane na mkokoteni.

*

Ijumaa moja kliniki ilikuwa na kazi nyingi, watoto wanazaliwa mfululizo, na mashuka yalijaa nyuma ya gari mpaka mfuko mmoja ukakosa nafasi. Dobi akauweka mbele, miguuni pa kiti cha abiria. Mfuko ule ulikuwa umepasuka chini na hakuna aliyeona. Alipofika nyumbani damu ilikuwa imeshaingia kwenye kapeti, imepanda hadi kwenye ubao wa pembeni na kurukia chini ya dashibodi.

Ingekuwa mtu mwingine angefuta kwa kitambaa, akanyunyiza manukato, siku zikaenda. Lakini Jumatatu wakaguzi walikuwa wanakuja kuangalia magari yote yanayoingia kliniki, na zaidi ya hapo, Dobi ni Dobi. Damu kwake ilikuwa na sheria zake: maji baridi, mengi, yanayotembea, kisha sabuni, kisha maji tena, na ukiiacha ikalala imekushinda. Akang'oa kapeti. Akang'oa kiti. Jumamosi nzima alisugua kwa brashi, na mchana akamwita mkewe amfungulie mpira wa maji.

Mama Pasi alisimama kwenye bomba, mumewe amepiga magoti mlangoni mwa gari, ameuelekeza mpira juu, chini ya dashibodi, anasuuza. Maji ya rangi ya waridi yalikuwa yakitoka na povu lake. Hapo ndipo alipokumbuka.

"Baba watoto, si huko ndiko kilikofungwa kile kidude?"

"Ndiko," Dobi akasema, bila kugeuka. "Sikigusi. Napitisha maji tu."

Alimwamini. Ni nani asingemwamini? Kifaa cha kampuni kubwa, kinachozima gari toka mbali, unadhani kitaogopa maji? Aliambiwa asikiguse kwa kidole, na kidole chake hakikufika hata karibu. Mama Pasi akaongeza maji kidogo, kwa sababu povu lilikuwa bado halijakatika.

Gari lilianikwa milango wazi Jumapili nzima. Lilinukia kama shuka jipya.

*

Jumatatu asubuhi, mashuka mia na ishirini yamepangwa nyuma, Dobi alizungusha ufunguo na gari halikusema kitu. Akazungusha tena. Simu yake ikaita mfukoni, ujumbe wa kampuni: kifaa chako kimechezewa, gari limezimwa, fika ofisini leo.

Walikwenda wote wawili. Kwenye dirisha la huduma alikuwapo binti mmoja mwenye sauti nzuri, aliyewaita mzee na mama na kuwakaribisha viti, na Dobi akaanza kueleza. Alieleza mfuko uliopasuka, damu, wakaguzi, kapeti, mpira wa maji. Kadiri alivyoeleza ndivyo binti alivyozidi kubana midomo kuzuia kicheko. Nyuma ya pazia la kioo mfanyakazi mwenzake hakuzuia, akacheka waziwazi, akasema wiki iliyopita mwingine alisema kimeliwa na panya.

"Mzee," binti akasema, "nani anaosha chini ya dashibodi?"

"Mimi," Dobi akasema.

Mama Pasi akasema leteni fundi aangalie, kama mnadhani tunasema uongo. Alisema kwa ukali, na huo ukali ulisaidia, maana saa saba yule fundi wa mwanzo alifika nao nyumbani, akalala chali palepale, akakifungua kile kidude. Maji yakatoka, matone matatu manne, yana harufu ya sabuni. Fundi akakaa kitako, akapiga simu ofisini mbele yao.

"Hawajakichezea," akasema kwenye simu. "Ni maji. Kimelowa tu."

Dobi akamshika mkewe bega. Kwa muda wa kama dakika moja walikuwa watu waliookoka. Fundi aliendelea kusikiliza simu, akaitikia haya, haya, kisha akampa Mama Pasi azungumze mwenyewe na yule binti.

Binti akamsomea kipengele cha tisa. Kifaa kikiharibika kwa sababu yoyote ile kikiwa mikononi mwa mteja, mteja amevunja mkataba. Deni lote linalipwa kwa mkupuo ndani ya siku tano. Lisipolipwa gari linachukuliwa na kupigwa mnada, na mnada usipotosha deni, kinachobaki anadaiwa mdhamini.

"Lakini fundi wenu amesema ni maji," Mama Pasi akasema.

"Mama, mimi nawaamini kabisa. Hata wenzangu sasa wanawaamini. Ila mkataba hauulizi kama mnaaminika."

Dobi akaichukua simu, akasema atalinunua hilo dude jingine, waseme bei. Binti akamjibu kwa upole uleule kwamba mfumo umeshalifunga faili, na yeye hana pa kulifungulia. Alisema pole. Alisema pole mara tatu, na kusema kweli alikuwa na masikitiko, na hayo masikitiko hayakupunguza hata senti.

*

Siku tano si siku. Jumanne Dobi aliutoa mkokoteni nyuma ya nyumba, akaupaka mafuta magurudumu, akasukuma mashuka kliniki katika safari nne. Matroni akayahesabu yote mia na ishirini, akayakuta meupe, akamlipa. Kisha akamwambia, akiangalia daftari, kwamba kuanzia kesho kuna kampuni nyingine. Dobi akasema asante. Mama Pasi alipomuuliza kwa nini alisema asante, alijibu kwamba hakujua kingine cha kusema.

Jumatano na Alhamisi alizunguka kwa kila aliyewahi kumfulia. Wapo waliompa maji ya kunywa. Mmoja, mwenye maduka, ambaye Dobi alimfulia suti zake miaka kumi, alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa noti mbili mfukoni akampa kama anavyopewa ombaomba, na Dobi akazipokea. Hilo Mama Pasi alilijua baadaye sana, na lilimuuma kuliko mengine yote.

Na yeye mwenyewe siku zote hizo alikuwa na simu mkononi. Aliishika asubuhi ampigie Mwalimu, akaiweka. Aliishika mchana. Mumewe alimwomba asubiri, akasema labda pesa zitapatikana, tumtie mtoto wa watu homa ya nini. Lakini haikuwa mumewe peke yake. Ilikuwa aibu, aibu tupu. Kila akifikiria jinsi atakavyoanza, aliona ile kalamu inawekwa chini juu ya madaftari. Akajiambia kesho. Akajiambia hivyo mpaka kesho zikaisha.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikuja na mashati yake matano, kama kawaida. Alikuwa na haraka na furaha. Fundi seremala alikuwa anamsubiri kwenye nyumba yake wapime mbao za paa. Akamkabidhi dada yake mfuko, akalitazama gari lililosimama uani.

"Leo Shemeji hajatoka nalo?"

Hapa ndipo palipokuwa na nafasi. Palikuwa na nafasi pana, ya kupita na mkokoteni. Dobi alikuwa kwenye karai, mikono ndani ya maji, akaacha kufua.

"Betri," Mama Pasi akasema. "Limechoka betri tu."

Mwalimu akasema betri za magari haya ya mkononi ndivyo zilivyo, akaaga, akaenda zake. Dobi hakumwangalia mkewe. Akachukua shati la kwanza kwenye ule mfuko, la rangi ya samawati, akaliloweka.

*

Walikuja saa nne. Fundi yuleyule, safari hii hatazami watu usoni, na dereva mmoja mnene aliyevaa ovaroli iliyokuwa grisi kutoka shingoni mpaka magotini. Fundi akaunganisha waya zake, gari likawaka mara moja. Injini yake ilikuwa inaimba vizuri. Dereva akanyoosha mkono apewe ufunguo wa pili, Dobi akampa, na karatasi ya kusaini akaisaini.

Dereva alipofungua mlango aingie, Dobi akasema, "Subiri kidogo."

Akaingia ndani. Majirani walikuwa wamekwisha kujikusanya kwenye uzio, watu wale wale wa utani wa mke wa pili. Mama Pasi akadhani mumewe amekwenda kulia, akaomba asitoke na macho mekundu mbele ya watu. Dobi alitoka na shuka jeupe. Akalikunja mara nne, akalitandika juu ya kiti cha dereva, akalichomeka pembe zote chini ya kiti kama anavyotandika kitanda.

"Mzee, si lazima," dereva akasema. Alikuwa ameona haya.

"Una grisi," Dobi akasema. "Kile kitambaa grisi haitoki."

Mama Pasi alilitambua shuka. Lilikuwa la kitandani kwao. Moyo wake ukajaa hasira na huruma kwa pamoja, akatamani amkemee na akatamani amshike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Dereva akaketi juu ya shuka, taratibu, gari likarudi nyuma, likageuka, likaondoka likiwa safi kuliko siku walipolinunua.

Lilipopisha njia ndipo alipomwona mdogo wake. Alikuwa amesimama kwenye uwazi wa uzio, vumbi la tofali kwenye suruali, simu mkononi. Haikujulikana amesimama pale tangu lini. Majirani walipomwona wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, na heri wangebaki.

"Betri, dada?" akasema.

Mama Pasi akafungua mdomo. Alisema alikuwa amwambie jioni. Alisema walidhani pesa watazipata. Alisema na mengine, hata yeye hakuyasikia.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema kampuni ilimpigia akiwa juu ya ukuta na seremala, wanapima. Walimwambia mnada ukipunguka atakatwa kwenye mshahara, na kwamba jina lake limeshapelekwa. Alimuuliza mwenye simu limepelekwa wapi, akaambiwa kwenye orodha. Seremala alishuka akakunja futi yake.

"Shemeji," Dobi akasema, amekwisha kurudi kwenye karai lake, "nitalipa. Hata kwa miaka ishirini."

"Najua, Shemeji. Wewe utalipa, mimi najua." Alisema bila kejeli, alimaanisha. Kisha akamgeukia dada yake. "Sikuja kwa ajili ya gari. Nipe mashati yangu."

"Hayajafuliwa bado."

"Nipe hivyohivyo."

Mama Pasi akabaki amesimama. Angemtukana ingekuwa nafuu. Angempiga hata kofi mbele ya majirani angelipokea na kusema asante, kama mumewe alivyosema kwa Matroni. Akaingia ndani akautoa mfuko, akaupokeza kwa mikono miwili. Mwalimu akahesabu humo ndani kwa kidole.

"Yapo manne."

"La tano nimeshaliloweka," Dobi akasema. "Liache hilo, Shemeji. Liache hilo moja tu nilimalizie. Kesho nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni."

Mwalimu akatembea mpaka kwenye karai, akaingiza mkono ndani ya povu, akalivuta lile shati la samawati. Hakulikamua. Akalitumbukiza mfukoni pamoja na mengine, makavu na machafu, akaukunja mdomo wa mfuko.

"Mbaki salama," akasema.

Akatoka. Mfuko ulikuwa unavuja, na maji ya sabuni yakamfuata nyuma yake, tone baada ya tone, kupita mahali gari lilipokuwa, kwenye uwazi wa uzio, mpaka barabarani. Dobi alikuwa bado ameinama juu ya karai, mikono ndani ya maji, na hakukuwa na kitu cha kufua.